Kahawa Inapokugeuka: Kutafuta Chanzo cha Dalili

Mtu anayeanza kusumbuliwa na kahawa kwa kawaida hubadilisha aina ya kahawa. Anahamia ile isiyo chungu sana, au anaongeza maziwa. Mara nyingi hilo halisaidii kitu, kwa sababu uchungu haupimi wingi wa kafeini na maziwa hayaipunguzi. Dalili za kafeini hutegemea mambo matatu: jumla uliyoingiza mwilini, saa uliyoiingiza, na kasi ya ini lako kuiondoa. La kwanza watu hulikisia vibaya, la tatu wengi hawalijui kabisa, na la pili hulipuuza. Kwa maoni yangu hilo la pili ndilo linalomaliza malalamiko mengi zaidi, kwa hiyo utaona nalirudia.

Dalili zisizongoja uchunguzi

Maumivu ya kifua, kuzimia, degedege, kuchanganyikiwa, kutapika kusikokoma, au moyo unaokwenda mbio bila kutulia ingawa umekaa: ukipata mojawapo baada ya kutumia kafeini, acha kusoma uende hospitali. Beba kopo au pakiti ya ulichotumia, maana swali la kwanza la daktari litakuwa ni kiasi gani.

Hatari hii haitoki sana kwenye kahawa ya kawaida. Tumbo lenyewe hukataa kabla hujafika mbali. Inatoka kwenye vidonge na poda ya kafeini tupu, ambayo macho hayawezi kuipima. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani imeonya kwamba kijiko kimoja cha chai cha poda hiyo kina kafeini sawa na vikombe 28 hivi vya kahawa, na kwamba gramu 1.2 zikiingia kwa haraka zinaweza kuleta degedege. Gramu 10 huhesabiwa kuwa kiasi cha kumuua mtu mzima, na wapo waliokufa kwa pungufu ya hapo. Sioni sababu yoyote ya mtu kuweka poda hiyo nyumbani.

Hesabu jumla kabla ya kulaumu kikombe kimoja

Kwa siku kadhaa, andika kila chenye kafeini ulichotumia, ukubwa wa chombo, na saa. Usikadirie kwa vikombe, kwa sababu kikombe cha mtu mmoja ni nusu ya kikombe cha mwingine. Kahawa ya kuchujwa ya mililita 240 ina miligramu 95 hivi. Espresso ya mililita 30 ina 63 hivi. Ni kali kwa kila tone, lakini kwa jumla iko chini ya kikombe kikubwa cha kahawa nyepesi. Chai nyeusi ya mililita 240 ina 47 hivi, chai ya kijani karibu 30. Kopo la soda aina ya kola, mililita 355, lina kama 34. Kinywaji cha kuongeza nguvu cha mililita 250 huwa na 80, na kile cha mililita 500 huwa na 160, ingawa wengi huhesabu vyote viwili kuwa “kopo moja”.

Takwimu hizi ni za wastani. Buni ya robusta ina karibu mara mbili ya kafeini ya arabika, kwa hiyo kubadilisha pakiti peke yake kunaweza kukuongezea dozi bila wewe kubadilisha chochote kingine.

Kisha tafuta vilivyojificha. Baadhi ya dawa za maumivu ya kichwa zina miligramu 65 katika kidonge kimoja. Poda zinazonywewa kabla ya mazoezi mara nyingi zina 150 hadi 300 kwa dozi. Ukiona guarana kwenye orodha ya viungo, hiyo nayo ni kafeini kwa jina la mmea. Chokoleti nyeusi ina kiasi kidogo, na hata kahawa iliyoondolewa kafeini hubaki na miligramu chache.

Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya, katika tathmini yake ya mwaka 2015, ilisema mtu mzima mwenye afya anaweza kutumia hadi miligramu 400 kwa siku bila wasiwasi, na hadi 200 kwa mkupuo. Kwa mjamzito, jumla ya siku isizidi 200. Kwa mtoto, kadirio ni miligramu 3 kwa kila kilo ya uzito, hivyo mtoto wa kilo 30 akinywa kopo moja dogo la kinywaji cha kuongeza nguvu karibu amemaliza kiwango cha siku nzima. Kumbuka kwamba 400 si lengo. Wako watu ambao 100 zinawatosha kutetemeka mikono.

Usingizi hauji, au unakuja lakini unaamka umechoka

Kadiri unavyokaa macho, kemikali iitwayo adenosini hujilimbikiza kwenye ubongo, hushika vipokezi vyake (sehemu za seli zinazoipokea), na wewe huanza kusinzia. Kafeini ina umbo linalokaribiana na adenosini. Hukalia kiti chake bila kufanya kazi yake, na usingizi hukosa pa kuketi. Adenosini yenyewe haijaondoka popote. Inaendelea kuongezeka huko nje, ndiyo maana kafeini ikiisha uchovu hurudi kwa kishindo.

Sasa angalia saa. Kwa mtu mzima wa kawaida, nusu ya kafeini huondoka katika saa tano hivi, ingawa kati ya mtu na mtu hutofautiana kutoka tatu hadi saba. Ukinywa miligramu 200 saa 10 jioni, saa 3 usiku bado una 100 mwilini, yaani kama vile umemaliza kikombe kizima cha kahawa na kwenda kupiga mswaki. Saa 8 usiku bado una 50. Utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa mwaka 2013 uliwapa watu miligramu 400 saa sita kabla ya kulala, na usingizi wao ulipungua kwa zaidi ya saa moja.

Hapa ndipo wengi hujitetea: “Mimi nakunywa kahawa usiku na nalala fofofo.” Huenda ni kweli kwamba unapata usingizi haraka. Lakini kafeini hupunguza pia usingizi mzito, ule unaomrudishia mtu nguvu, na aliyelala hawezi kujishuhudia mwenyewe. Kipimo kizuri si jinsi ulivyosinzia bali jinsi unavyoamka. Ukihitaji kahawa ili uweze kuongea na watu asubuhi, jaribu kwa wiki mbili kusimamisha kafeini yote saa 6 mchana, bila kupunguza ile ya asubuhi. Usibadilishe kitu kingine. Ukiona asubuhi zimekuwa nyepesi, umepata jibu. Usipoona tofauti, chanzo kiko kwingine: simu kitandani, kukoroma kunakokatiza pumzi, pombe, mawazo.

Kukoroma kwa namna hiyo nakutaja kwa makusudi. Mtu anayekosa pumzi usingizini huamka hoi, hunywa kahawa nyingi ili aumalize mchana, kisha kahawa hubebeshwa lawama yote. Kama unakoroma sana na wa karibu nawe anasema kuna wakati unakaa kimya kama hupumui, muone daktari kwanza.

Unakunywa, lakini haikuamshi tena

Ubongo unaozibiwa vipokezi kila siku huvizoea vizibo hivyo. Huongeza vipokezi vingine. Baada ya muda kikombe cha asubuhi kinakurudisha tu pale ambapo mtu asiyetumia kafeini huanzia. Kuongeza dozi hununua siku chache, kisha unarudi palepale ukiwa na jumla kubwa zaidi. Dawa yake ni kupunguza, na namna ya kupunguza nimeieleza chini.

Kama unataka kikombe kimoja kifanye kazi kubwa mchana, kinywe haraka kisha ulale dakika 20. Kafeini huchukua karibu dakika 30 hadi 60 kufika kileleni kwenye damu, na usingizi huo mfupi huondoa sehemu ya adenosini wakati huohuo. Ukipitiliza nusu saa, utaamka mzito kuliko ulivyolala.

Kichwa kinauma

Dalili hii ndiyo inayowapoteza watu zaidi, kwa sababu kafeini huponya maumivu ya kichwa, huyaleta, na huyaleta pia ikikosekana. Swali la kutenganisha ni moja: kinauma saa ngapi baada ya kafeini ya mwisho?

Kikianza saa 12 hadi 24 baada ya kikombe cha mwisho, karibu hakika ni kukosa kafeini. Mishipa ya damu ya ubongo, iliyokuwa imebanwa na kafeini, hutanuka. Huambatana na uchovu, hasira za karibu, mawazo kutotulia, wakati mwingine kichefuchefu na maumivu ya misuli hadi mtu akadhani anaumwa mafua. Hufika kileleni kati ya siku ya kwanza na ya pili, na huisha ndani ya siku mbili hadi tisa. Hali hii ilitambuliwa rasmi mwaka 2013 katika toleo la tano la mwongozo wa magonjwa ya akili wa Marekani, kwa hiyo anayekuambia ni uvivu tu hana hoja. Hata anayetumia miligramu 100 tu kwa siku anaweza kuipata. Ndiyo huelezea kichwa cha mwisho wa wiki kwa mtu anayekunywa kahawa kazini tu, kichwa cha siku za kwanza za kufunga, na kile cha mgonjwa aliyeambiwa asile wala kunywa chochote kabla ya upasuaji.

Kikianza muda mfupi baada ya kunywa, angalia kama ulikuwa hujala, kama hukulala, au kama ulizidisha. Wenye kipandauso wana shida ya ziada: kiasi kidogo kinaweza kuwasaidia wakati maumivu yanaanza, huku matumizi makubwa ya kila siku yakiongeza mashambulizi.

Kikiuma karibu kila siku, hesabu vidonge. Anayemeza dawa ya maumivu yenye mchanganyiko wa kafeini siku 10 au zaidi kwa mwezi, kwa miezi kadhaa, anaweza kuwa na maumivu yanayotokana na dawa yenyewe. Kila kidonge hutuliza leo na kualika maumivu ya kesho. Hilo lishughulikie ukiwa na daktari.

Moyo kwenda mbio, mikono kutetemeka, hofu isiyo na sababu

Kafeini huchochea adrenalini, na mwili wenye adrenalini hufanana sana na mwili wenye hofu. Akili ikihisi moyo unadunda na kiganja kinatoka jasho, hutafuta cha kuogopa, na haikosi kukipata. Kama una historia ya mashambulizi ya hofu, kafeini ni mshukiwa wa kwanza. Miligramu chache ambazo mwenzako hazihisi zinaweza kukuanzishia shambulio zima.

Angalia kwanza kama ulikunywa tumbo likiwa tupu, kama ulikunywa vikombe viwili kwa kufuatana kwa sababu cha kwanza “hakikushika”, na kama kuna kichangamshi kingine mwilini. Hapa dawa za mafua za kuzibua pua zenye pseudoefedrini husahaulika sana. Vivyo hivyo teofilini ya pumu, methilfenideti ya watu wenye tatizo la umakini, na nikotini. Kila kimoja kwa dozi yake ni sawa. Vikijumlishwa ndipo mkono unaposhindwa kushika kalamu.

Kuhusu moyo kuruka pigo, jaribio lililochapishwa mwaka 2023 liliwafuatilia watu wazima 100 kwa vifaa vya kupima moyo, siku nyingine wakinywa kahawa na siku nyingine wasinywe. Mapigo ya ziada ya vyumba vya juu vya moyo hayakuongezeka kwa kiasi cha kuonekana, ila ya vyumba vya chini yaliongezeka. Siku za kahawa walitembea zaidi, na walilala pungufu kwa dakika 36 hivi. Kwa mtu mwenye moyo mzima mapigo hayo kwa kawaida hayana madhara, lakini yakija kwa mfululizo au na kizunguzungu, yanahitaji kipimo cha umeme wa moyo, si kubahatisha.

Shinikizo la damu nalo hupanda kwa saa chache baada ya kunywa, zaidi kwa asiyezoea. Usinywe kahawa ndani ya nusu saa kabla ya kupimwa. Wapo wanaoanzishiwa safari ya dawa kwa sababu ya kikombe cha kwenye foleni.

Kiasi ni kilekile, ila sasa kinakusumbua

Huu ndio mlolongo ninaoupenda zaidi, kwa sababu jibu karibu kila mara liko kwenye ini. Kafeini huvunjwa na kimeng'enya kimoja kikuu (protini ya ini inayofanya kazi hiyo) kiitwacho CYP1A2. Chochote kinachokipunguza kasi hugeuza kikombe chako cha zamani kuwa viwili au vitatu.

Jiulize: umeacha sigara hivi karibuni? Moshi wa tumbaku hukiharakisha kimeng'enya hiki, hivyo mvutaji huondoa kafeini karibu mara mbili ya kasi ya kawaida. Akiacha, kafeini hubaki mwilini zaidi ndani ya siku chache tu. Anakosa usingizi, anatetemeka, ana wasiwasi, na anadhani yote ni kiu ya sigara. Wengine hurudi kuvuta kwa sababu hiyo, wakati kupunguza kahawa kwa nusu kungewatuliza. Mtu anayeacha sigara anastahili kuambiwa jambo hili siku ya kwanza.

Umeanza vidonge vya uzazi wa mpango? Huongeza muda wa kafeini mwilini karibu maradufu. Una mimba? Kuelekea mwisho wa ujauzito, nusu ya kafeini huweza kuchukua saa 15 kuondoka, na kondo la nyuma haliizuii kumfikia mtoto. Umepewa siprofloksasini kwa ajili ya maambukizi? Hiyo nayo huzuia kimeng'enya. Fluvoxamini, dawa ya sonona na wasiwasi, hukizuia vikali kiasi kwamba kikombe cha asubuhi kinaweza kuwa bado na nguvu siku ya pili. Ugonjwa wa ini hufanya hivyohivyo.

Kuna pia kisa cha kinyume. Anayetumia lithiamu, dawa ya ugonjwa wa akili wa hisia kupanda na kushuka, akiacha kahawa ghafla, figo hutoa lithiamu polepole zaidi na kiwango chake kwenye damu kinaweza kupanda kupita kiasi. Mwambie daktari kabla ya kuacha, siyo baada.

Mama anayenyonyesha naye aangalie mtoto asiyelala. Kinachopita kwenye maziwa ni kidogo, lakini mtoto mchanga hana uwezo wa kukiondoa kwa kasi. Kwake hata nusu tu huchukua siku kadhaa, hivyo dozi ndogo za kila siku hupandana.

Tumbo

Kiungulia na tumbo kuwaka si kazi ya kafeini peke yake. Kahawa huchochea asidi hata ikiwa imeondolewa kafeini. Ukibadilisha kwenda isiyo na kafeini na kiungulia kikabaki, usishangae. Punguza ujazo, na usinywe ukikaribia kulala.

Kukimbilia chooni baada ya kikombe cha asubuhi ni kawaida. Kwa baadhi ya watu utumbo mpana huanza kujikaza dakika nne tu baada ya kahawa kuingia, na isiyo na kafeini hufanya hivyo pia. Ukiharisha kwa siku nyingi au ukiona damu, hilo si suala la kahawa.

Kukojoa mara kwa mara? Kwa aliyezoea, maji yaliyomo kwenye kinywaji hufidia kinachotoka. Kahawa haikukaushi.

Majibu ya maabara yameharibika

Kolesteroli ikipanda bila sababu, angalia unavyotengeneza kahawa. Iliyochemshwa pamoja na unga wake, au ya chombo cha kukandamiza chenye wavu wa chuma, hubeba mafuta yaitwayo kafestoli yanayopandisha kolesteroli mbaya. Karatasi ya kuchujia huyanasa karibu yote.

Damu ikiwa pungufu, angalia ulichonywa na chakula. Katika utafiti wa mwaka 1983, kahawa iliyonywewa pamoja na mlo ilipunguza ufyonzaji wa madini ya chuma kwa asilimia 39, na chai kwa asilimia 64. Kunywa saa moja kabla ya mlo hakukuleta tatizo. Kunywa saa moja baada ya mlo kulizuia kama kunywa pamoja. Wakosaji ni polifenoli, kemikali za mimea zilizomo kwenye kahawa na chai, kwa hiyo kuondoa kafeini hakusaidii.

Anayetumia levothairoksini ya tezi anapaswa kuimeza kwa maji matupu na kusubiri dakika 30 hadi 60 kabla ya kahawa, la sivyo dawa haifyonzwi ipasavyo na dozi itaongezwa bure.

Kupunguza bila kuumwa

Usiache kwa siku moja. Punguza robo ya jumla yako kila baada ya siku tatu au nne, na uanze na kikombe cha mwisho cha siku, kwa kuwa ndicho kinachogusa usingizi. Unaweza kuchanganya unga wa kawaida na ule usio na kafeini ili mkono usikose kikombe chake. Kichwa kikiuma sana, rudi hatua moja nyuma, subiri, kisha endelea.

Ukikaa wiki mbili bila kafeini kabisa na dalili ikabaki vilevile, haikuwa kafeini. Usiendelee kujinyima, tafuta uchunguzi mwingine. Na ukiamua kurudi, anza na kikombe kimoja kidogo asubuhi ukiwa umekula. Mazoea yameisha, na kile kiasi cha zamani ambacho ulikuwa hukihisi kitakukamata kama mtu anayekunywa kwa mara ya kwanza.